Mikono ya Mama Ndani ya Glavu

Niliapa kwamba sitavaa kitu kile, kisha nikawa wa kwanza kukivaa. Ndivyo nilivyo. Mwalimu wa wakunga alikuwa amefika Kasongo na miwani nyeusi inayoziba nusu ya uso, pamoja na glavu nene zenye nyaya, akawaita wakunga wa vijijini wajifunze kupapasa mimba. Mama yangu, mkunga tangu sijazaliwa, alitoka Kabambare kwa pikipiki akafikia kwangu. Mimi nilimsindikiza tu, na mimba yangu ya miezi minane.

Ndani ya miwani nilimwona mwanamke amelala kitandani. Nikamwekea mikono tumboni. Haki ya Mungu, nilipiga ukelele! Glavu zilinibana vidole, nikasikia kichwa cha mtoto, kigumu, kisha teke. Nikaivua miwani haraka. Mbele yangu palikuwa na meza tupu. Mwili ulinisisimka hadi utosini. Macho yangu yamezoea kudanganywa, lakini ngozi? Wakunga walicheka mpaka wakashikana mabega.

Ikafika zamu ya mama. Alikaa wima, ametulia.

"Mama, unasikia?" mwalimu akamwuliza.

"Niko nasikia."

"Unasikia nini?"

"Huyu mwanamuke analalamika sana."

Kweli, miwani ilikuwa na sauti, na yule mwanamke aliguna kila alipoguswa. Mwalimu akaizima sauti hiyo.

"Sasa ku vidole, mama. Unasikia?"

Mama akabonyeza hewani. "Itaanza saa ngapi?"

Mwalimu akaongeza nguvu ya glavu hadi mwisho. Nikaweka kiganja juu ya glavu ya mama. Ilitetemeka mpaka kiwiko kikaniwasha. Mama bado alikuwa anangoja ianze.

Siku ile ile asubuhi alikuwa amenipapasa mimi, akasema, "Kichwa iko chini, mwanangu. Utazalia kwangu, hakuna shida." Kwa neno hilo nilikuwa nimeshafunga mzigo wa kwenda Kabambare.

Nikamtoa nje. "Mama, vidole yako imekufa tangu lini?"

"Tangu mvua ya mwaka jana. Nashika chungu ya moto, nasikia harufu ya ngozi inaungua tu."

Kwetu kusikia ni kwa sikio, kwa ngozi, hata kwa pua. Mama hakuwa amesema uongo alipomjibu mwalimu kwamba anasikia, na hilo lilinitia hasira zaidi.

"Na wale wanawake wote?"

"Nawauliza mutoto anapiga wapi. Wanajisemea wenyewe."

"Miye haukuniuliza!"

"Wewe mutoto yangu. Ungejua kama vidole imekufa."

Nilimfokea mama yangu mchana kweupe, watu wakipita na baiskeli zao. Sijawahi kufanya hivyo maishani, na sikuona haya. Niliona hofu tupu.

Tulikwenda moja kwa moja hospitali. Muuguzi alinibonyeza mara mbili tu. "Kichwa iko juu, chini ya mbavu. Huyu utamuzalia hapa, kwa daktari." Ningekuwa kijijini, mbali na daktari, namsukuma mtoto aliyekaa matako chini, mikononi mwa mama.

Mama akasogea kando ya kitanda. "Niwekee mukono pale."

Nikaushika mkono wake, nikauweka juu ya kichwa cha mtoto. Akabonyeza, akatafuta, akabonyeza tena kwa nguvu zote, hadi nikalia. Akaruka nyuma.

"Nimekuumiza?"

Ningeweza kusema hapana.

"Ndiyo, mama."

Akaitazama mikono yake kana kwamba ameletewa ya mtu mwingine. Kwenye kitanda cha pili alilala mjamzito wa kijijini kwetu. Alimtambua mama, akafurahi, akajifunua tumbo na kumwita aje amwangalie.

Mama akaificha mikono ndani ya kitenge. "Ita muuguzi, mwanangu," akamwambia. "Miye sisikie tena."