Mchicha wa Vidole Viwili

Mchicha wangu wa kwanza niliung'oa wote ukiwa na urefu wa vidole viwili. Nikautia kwenye rambo, nikaukumbatia.

Mama aliyekuwa akitufundisha bustani, uani mwa kituo chetu cha wasio na makazi, karibu na Mnazi Mmoja, alishika kiuno. "Makubwa! Sasa vitoto hivi utavila vipi?"

"Si vyangu?" nikamjibu. Mdomo wangu hauna breki.

Angejuaje? Miaka minne nililala kwenye baraza za maduka Kariakoo. Pale ukivua kandambili ukanawe miguu, ukirudi huzikuti. Blanketi, sufuria, kanga za marehemu mama, vyote vilikwenda hivyo. Hata binti yangu, nilipomwacha kwa dada yangu Mbagala, nilijiambia basi tena, huyo naye kaenda.

Yule mama hakugomba. Akanipa mbegu nyingine. "Wiki tatu, mwenzangu. Usiguse."

Wiki tatu, jamani! Nilikuwa nimeshapata chumba, lakini kila alfajiri nilikurupuka kwenda kuangalia kama tuta langu lipo. Wenzangu, nao waliowahi kulala nje, wakanicheka: "Mlinzi kafika!"

Kisha dada akapiga simu kwamba Jumamosi anamleta binti. Mwanangu ana miaka kumi, na tangu ana sita hajala chakula changu. Nilitaka ale mchicha wa mkono wangu, si wa kununua sokoni. Wiki ile sikula vizuri kwa hofu.

Jumamosi nikaukuta, umenawiri, majani mapana. Binti aliniamkia "Shikamoo" kwa sauti ya mgeni, ikaniuma. Nikampeleka tutani. Akashika mche, avute.

"Using'oe, mwanangu. Kata juu, shina uliache litachipua."

Akanitazama. "Tukiondoka, je, wakiuchukua?"

Mungu wangu. Mtoto hajalala barazani hata siku moja, kayajulia wapi hayo? Kwangu. Kwa kuachwa.

"Wakiuchukua tutapanda mwingine," nikasema. "Lakini mimi naona tutaukuta."

Niliupika kwa nazi chumbani kwangu. Alikula akaongeza, na dada akajifanya haoni ninavyofuta macho. Walipoinuka kuondoka, binti alivua mtandio wake, akaukunja, akauweka kitandani kwangu.

"Nauacha hapa, mama. Jumamosi ijayo nitaukuta?"

"Utaukuta," nikamwambia.