Gari la Kimo cha Mama

Mama Pacha alikuwa mpiga pasi katika idara ya kufulia ya hospitali. Pasi yenyewe haikuwa ile ya mkononi. Ilikuwa rola ndefu ya mvuke, inayomeza shuka bichi upande huu na kulitema upande wa pili likiwa kavu na la moto. Wawili hulisha, wawili hupokea na kukunja, na kutwa nzima hakuna anayekaa. Ikifika saa tisa alasiri miguu yake ilikuwa imejaa mpaka viatu vinamng'ata, na hapo ndipo kazi yake ya pili ilipoanza: kumchukua mama mkwe wake kutoka jengo la pili na kumfikisha nyumbani akiwa mzima.

Figo za mama mkwe zilikuwa zimegoma kazi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, saa nne mfululizo, na akitoka hapo anakuwa hoi bin taaban, midomo imempauka, kama nguo iliyokamuliwa ikasahauliwa kuanikwa. Kwa miaka miwili jirani yao mwenye teksi ndiye aliyewapeleka na kuwarudisha. Jirani akahama. Wakabaki na basi, na Ijumaa moja mama mkwe akakosa ngazi ya basi, akaanguka ubavu, akaulalia mkono uleule wanaomchoma sindano. Hakuvunjika, ila mkono ulivimba, na muuguzi akawagombeza kama watoto.

Jioni ile mume wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa mwalimu wa hesabu, alisukuma sahani yake kando.

"Basi, imetosha. Akiba yetu tuitoe, tununue gari."

Mama Pacha hakuruka kwa furaha. Alijua kuendesha; marehemu baba yake alikuwa dereva wa lori na alimfundisha kabla hajaolewa. Kwa hiyo alijua pia kwamba kununua gari kuukuu ni sawa na kuoa mjane: lazima uulize aliyetangulia alikufa kwa kitu gani.

Jumamosi iliyofuata walikwenda kwenye yadi za magari wakiwa wanne: Mwalimu, mama mkwe, Mama Pacha, na fundi mmoja wa magari aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yake. Watu walimwita Fundi Kimya. Maneno alikuwa nayo, lakini aliyatoa kama mtu anayetoa senti zake za mwisho. Pacha wao wawili, wasichana wa miaka minane, waliachwa kwa shangazi yao.

Yadi ya kwanza, muuzaji aliyevaa miwani ya jua aliwapokea kwa mikono miwili.

"Karibuni, wazazi wangu! Dada, gari hili lilikuwa la mama mmoja mtu mzima, likienda sokoni na kurudi. Injini haijaguswa."

Lilikuwa gari la juu, jeusi, linang'aa hadi unaweza kunyolea ndevu ubavuni mwake. Mwalimu alilizunguka mara mbili, akashika usukani, uso ukamlegea kwa mapenzi. Fundi Kimya aliinama, akatazama pedali ya breki. Mpira wake ulikuwa umelika mpaka chuma kinaonekana.

"Soko lilikuwa mbali sana," akasema.

Mama mkwe ndiye aliyemaliza mjadala. Aliinua mguu, ukafika nusu ya njia. Akajaribu kwa mguu mwingine. Mwalimu akamshika kwapa, Mama Pacha akamsukuma kiunoni, na wote watatu wakabaki wamening'inia mlangoni, muuzaji akitazama pembeni kwa adabu.

"Nishusheni," mama mkwe akasema. "Kwa umri huu mnataka nikwee mti?"

Yadi ya pili kulikuwa na gari dogo la chini, bei yake ya kirafiki. Mama mkwe aliingia bila shida, akashuka kwenye kiti kama aliyetumbukia shimoni. Kutoka ndiko kulikokuwa kazi. Walimvuta, wakapumzika, wakamvuta tena. Aliposimama alijipangusa vumbi.

"Hili ni kaburi lenye redio," akasema.

La tatu lilikuwa jeupe, la kimo kizuri, safi ndani na nje. Mama Pacha alianza kupata matumaini. Fundi Kimya akakunjua kapeti chini ya kiti cha nyuma, akachomeka kidole, akakitoa kikiwa na mchanga mwembamba uliokauka. Boliti za viti zilikuwa na kutu. Akamwonyesha Mama Pacha kidole chake. Gari lilikuwa limelala majini mahali fulani, likaanikwa, likapakwa manukato.

Hivyo ndivyo zilivyokwenda Jumamosi nne. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na yadi zile zilijaa magari yaliyojitembeza mbio. Moja lilitoa moshi wa bluu kila likiguswa. Jingine injini yake ilikutwa imepashwa moto kabla hawajafika, isionekane inavyogoma kuwaka, na Fundi Kimya aliposhika boneti akaondoa mkono na kugeuka kwenda zake. Mama Pacha alirudi nyumbani kila mara akiwa na vumbi kooni, akifua sare za shule, akipika, kisha Jumatatu alfajiri akisimama tena kituoni, mkono mmoja kwenye mkoba, mwingine kwenye kiuno cha mama mkwe. Ilifika mahali hata akisikia honi anachoka.

Na shemeji yake, mdogo wake Mwalimu, hakusaidia. Alikuwa kijana wa maneno mengi ambaye hakuwahi kumiliki hata baiskeli, lakini ushauri wa magari alikuwa nao magunia.

"Kaka, gari ni uso wa mtu," alimwambia Mwalimu barazani. "Mwalimu mzima uende shuleni na mkebe? Wanafunzi watakuita nani? Chukua lile jeusi. Ngazi utachomelea."

Mama Pacha alisikia akiwa jikoni, akadhani ni maneno ya kupita.

Alhamisi jioni Mwalimu alirudi akiwa mchangamfu kupita kiasi. Aliwabeba watoto, akasifu chakula kabla hajakionja. Kisha akasema, huku akitazama meza:

"Lile jeusi nimeliwekea arubuni. Muuzaji alisema kuna mtu mwingine anakuja kesho. Ningefanya nini?"

Mama Pacha alikuwa ndiyo kwanza ameingia, viatu bado miguuni. Kama angekuwa na nguvu angepiga kelele. Angeuliza huyo mtu mwingine alikuwa na pembe ngapi. Angemkumbusha pedali iliyolika, na mama yake aliyening'inia mlangoni kama nguo. Lakini siku ile rola ilikuwa imekwama mara tatu na mashuka yamerundikana hadi dirishani. Alivuta kiti, akaketi, akavua viatu polepole, kimoja baada ya kingine, mpaka Mwalimu akaanza kuogopa.

"Sema kitu basi, mke wangu."

"Kesho Ijumaa," akasema. "Omba ruhusa shuleni. Mpeleke mama wewe."

"Lakini wewe unakwenda hukohuko..."

"Mimi ninakwenda kazini. Kwa miaka yote hii hujampeleka hata mara moja. Mpeleke, umrudishe. Ukirudi, kama bado unalitaka jeusi, mimi sitasema neno."

Mama mkwe, aliyekuwa anasikiliza kutoka chumbani kwake, alikohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua.

Ijumaa Mama Pacha aliondoka peke yake. Basi lilionekana kubwa, jepesi, na alipopata kiti aliona aibu kwa jinsi alivyofurahi. Asubuhi nzima alilisha rola. Saa sita, wenzake walipoketi kula, alivuka uwanja hadi jengo la pili na kuchungulia kwenye korido.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi la wasindikizaji. Tai alikuwa ameivua. Mapajani alikuwa amepakata viatu vya mama yake, pea moja ya raba zilizopanuka, amevishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani na hajui amlaze wapi. Kupitia mlango wa kioo alionekana mama mkwe amelala, mirija miwili myekundu ikitoka mkononi. Mwalimu alikuwa anatazama mirija ile. Mama Pacha aliondoka bila kujionyesha.

Walirudi nyumbani saa kumi na mbili. Mama mkwe alikuwa ametapika ndani ya basi, kwenye mfuko, na kidogo kwenye suruali ya mwanawe. Mwalimu alimwosha miguu, akamlaza, akamfunika. Alipotoka alikaa karibu na mke wake aliyekuwa anachambua mchele.

"Uliwezaje?" akauliza.

"Nani kakwambia niliweza?"

Akaguna, akaokota punje mbovu kwenye mchele, akasema, "Kesho nakwenda kuchukua ile arubuni."

Alirudishiwa nusu, na nusu nyingine ikabaki na mwenye miwani ya jua. Mama Pacha hakulitaja jambo hilo tena, wala Mwalimu hakumwita mdogo wake barazani kwa mwezi mzima.

Gari lilipatikana mahali ambapo hawakuwa wakitafuta. Mkunga mmoja wa hospitali ileile, mwanamke wa miaka sitini aliyekuwa anastaafu, alileta makoti yake ya kazi kufuliwa kwa mara ya mwisho. Akisubiri, alisikia Mama Pacha akiwasimulia wenzake habari za yadi.

"Mimi nina gari," akasema. "Lakini si zuri."

Mama Pacha aligeuka. Katika wiki zote zile hakuna muuzaji aliyewahi kuanza hivyo.

"Lina nini?"

"Dirisha la nyuma kushoto halishuki. Kiyoyozi kilikufa zamani. Linakunywa oili kidogo, kila mwezi uliongeze. Na rangi yake, utaiona mwenyewe."

Rangi yake ilikuwa kama chai ya maziwa iliyopoa. Lilikuwa gari refu la familia, la nyuma bapa, limekwaruzwa ubavuni na lango la nyumba. Fundi Kimya alifika kwa mkunga Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya wote, akashika boneti: baridi. Akaliwasha. Likakohoa mara moja, likakaa kwenye mlio wake. Alitazama moshi, akavuta kijiti cha oili, akalala chini kwa muda mrefu mpaka mkunga akadhani amesinzia. Akakagua daftari ambamo mkunga aliandika kila mara alipolipeleka kwa fundi, miaka kumi na moja, kwa mwandiko uleule alioandikia uzito wa watoto. Kisha akaliendesha hadi mlimani na kurudi.

Alipotoka alijifuta mikono.

"Limezeeka vizuri," akasema. "Hawajalidanganya, na lenyewe halidanganyi. Mkanda wa feni ubadilisheni. Chukueni."

Mwalimu alimtazama kwa mshangao; hakuwahi kumsikia akisema yote hayo kwa siku moja.

Lakini hakimu alikuwa bado. Mama mkwe alisogea hadi mlango wa mbele, akaukaribisha mgongo kwenye kiti, akajishusha. Kiti kilimpokea palepale makalio yake yalipofika. Akaingiza mguu wa kwanza, akaingiza wa pili. Hakuna aliyemgusa. Akakaa akitazama mbele, mikono juu ya mapaja.

"Mama, vipi?" Mwalimu akauliza.

"Funga mlango, upepo unaingia."

Mkunga akacheka, kisha akageuka kuelekea ukutani, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Alikuwa amekwenda na gari lile kwenye uzazi mwingi.

Siwezi kusema kwamba maisha yalibadilika wakaishi raha mustarehe. Mama Pacha bado alisimama kwenye rola, na miguu bado ilijaa. Mkanda wa feni walichelewa kuubadilisha, ukakatika siku ya mvua, wakasukuma, mama mkwe akiwatia moyo kutoka ndani kwa dirisha lililofungwa. Shemeji alilicheka gari mara moja, kisha akaomba kuliazima siku ya posa yake, akanyimwa. Na figo hazikusikia habari za gari. Mama mkwe aliishi mwaka mmoja na miezi minne zaidi, akaaga dunia kitandani mwake, mchana, watoto wakiwa shuleni.

Lakini ndani ya mwaka huo na miezi hiyo hakuanguka tena.

Jumatatu ya kwanza kabisa, wakitoka hospitali, mama mkwe alisinzia hata kabla hawajalipita lango. Mama Pacha aliendesha taratibu, akikwepa kila shimo. Walipofika uani akazima injini, akageuka kumwamsha. Mzee alikuwa amelaza kichwa kwenye mkanda wa kiti, mdomo wazi kidogo, pumzi inakwenda sawasawa.

Ndani ya nyumba kulikuwa na vyombo, na sare, na mboga za kukatwa. Mama Pacha aliondoa mkono wake begani kwa yule mama. Akavua viatu, akavisukuma pembeni ya pedali, akakirudisha kiti nyuma kadiri kilivyoweza. Pacha walitoka mbio mlangoni. Akaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha, nao wakarudi ndani kwa kunyata. Akafumba macho.

Mwalimu alipowakuta, wote wawili walikuwa wamelala fofofo. Alisimama pale kidogo, kisha akaingia jikoni kukata mboga.