Aliyepaswa Kubebwa

Kabla ya Muindi kujulikana kwa densi, alijulikana mtaani Jamhuri kwa kuruka. Aliruka nyua, aliruka mitaro, na alipojiunga na kwaya ya vijana kanisani aliruka hata katika nyimbo za maombolezo, mpaka wamama wakamwomba mzee wa kanisa amshushe. Babake, Mzee Mwanzia, alikuwa karani wa serikali na alimlea peke yake baada ya mkewe kufariki. Siku aliyosikia kwamba mwanawe ameacha masomo ya uhasibu ili acheze densi, alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu.

"Na ukishamaliza kucheza, utafanya nini?"

"Nitacheza tena, baba."

Mzee akarudisha miwani machoni.

Katika mafunzo ya densi ya kisasa mjini, Muindi alikutana na Waceke. Alikuwa msichana mfupi, mpana wa mabega, binti wa Mama Virginia mwenye saluni pale Kenyatta Market. Waceke hakuwa na mruko wowote wa kutajwa, ila alikuwa na nguvu za ajabu na jicho la kuona mambo. Wakashikana wakawa kama ndugu. Wakakodi chumba River Road juu ya duka la kuchapisha kadi za harusi. Mashine za chini zilinguruma mchana kutwa, sakafu ikitetemeka, na kwa kuwa hawakuweza kuzinyamazisha, wakaamua kucheza kwa mngurumo wenyewe.

Densi iliyowatoa waliiita *Mzigo*. Waceke aliipata dirishani, akiwatazama wanaume wa barabara ile wakipita na mabati, magunia ya misumari na mabomba mabegani, wakijipenyeza katika msongamano bila kumgusa mtu. Katika densi hiyo Waceke alimbeba Muindi tangu mwanzo hadi mwisho: begani, mgongoni, kiunoni, hata akitambaa. Wiki za kwanza Muindi alinuna.

"Mbona nisikubebe mimi? Watu watacheka."

"Wacheke. Wewe unajua kuruka tu. Kubebwa nayo ni kazi, na hujaijua bado."

Kweli hakuijua. Mwili wake ulikuwa ukikakamaa kama kigogo, au ukilegea kama gunia. Polepole alijifunza kumpa Waceke uzito wake kidogo kidogo, kupumua alipopumua, kuhisi anakoelekea kabla hajaelekea. Walipoionyesha katika tamasha dogo mjini, watu walicheka mwanzoni, kisha ukumbi ukawa kimya. Mama Virginia aliyekaa mbele alilia waziwazi, akasema hajui analilia nini.

Wageni walikuwapo siku hiyo. Mmoja wao alikuwa mtunzi wa densi mwenye kundi lake Ubelgiji, na wiki hiyohiyo aliwaalika wachezaji wa Nairobi kwenye mazoezi ya majaribio. Muindi akaruka. Akapewa mkataba, yeye peke yake.

Alipompelekea Waceke habari hizo, alimkuta akifagia chumba. Waceke aliegemeza ufagio ukutani, akamkumbatia.

"Nenda. Mimi nabaki na chumba. Ukirudi tunaanzisha kundi letu, la hapa, la watu wa hapa. Sawa?"

"Sawa."

"Na usinifiche kitu, Muindi. Kwa densi yetu, ukificha tunaanguka wote."

Huko alikokwenda alifanya kazi nzuri, hilo lazima lisemwe. Alicheza katika miji ambayo hata majina yake hakuweza kuyatamka, akapigiwa makofi, picha yake ikabandikwa kwenye kuta za vituo vya treni. Lakini kila densi mpya, mwenye kundi alimwomba kitu kilekile: ule mruko wako, Muindi, sasa juu zaidi. Alipojaribu kupendekeza wazo lake, aliambiwa kwa upole kwamba muda utakuja. Goti la kulia likaanza kumuuma. Akalificha. Alimeza dawa za maumivu chooni kabla ya kupanda jukwaani, kwa maana kibali chake cha kuishi huko kilishikamana na mkataba, na mkataba ulishikamana na mruko.

Asubuhi moja ya mazoezi aliruka, na aliposhuka goti halikuwa tena mahali pake. Alipasuliwa. Daktari alimwambia atatembea vizuri na atacheza kidogo, ila mambo ya kuruka ayasahau. Mkataba ulipokwisha, hakuna aliyeutaja tena.

Mzee Mwanzia alimpokea uwanja wa ndege, akauchukua mkoba wake bila kuuliza. Wakaenda nyumbani Jamhuri, Muindi akaingia chumba chake cha zamani na kufunga mapazia. Waceke alipopiga simu jioni hiyo kumuuliza yuko mji gani, Muindi akasikia mdomo wake ukisema, "Bado tunazunguka. Huku baridi si mchezo."

Uongo huo wa kwanza ukazaa wa pili. Kwa miezi, mtu aliyekuwa mwendo mfupi tu wa miguu kutoka saluni ya Mama Virginia alijifanya yuko ng'ambo. Alisimulia majumba ya maonyesho, chakula kisicho na chumvi, treni zilizochelewa. Mara moja, wakiwa simuni, muuza mboga alipita chini ya dirisha akinadi sukuma na dania, Muindi akarukia dirisha kulifunga, goti likamchoma hadi akauma shati.

Kisha ikaja habari ya Montreal. Waceke alipiga simu akihema kwa furaha. Jumba moja la densi huko lilikuwa limeona kanda ya *Mzigo*. Lilitaka kuwaweka wote wawili mwaka mzima, waipanue, watunge nyingine, kisha waizungushe.

"Wawili, Muindi! Kama watunzi. Si kuchezea mtu mwingine. Omba ruhusa hapo uliko, tafadhali."

Muindi alitazama goti lake lenye kovu. "Siwezi. Nimefungwa na mkataba."

"Hata ukiwauliza?"

"Nimeuliza tayari. Tafuta mtu mwingine, Waceke."

Alipotoka chumbani alimkuta babake amesimama kwenye korido, kikombe cha chai mkononi.

"Mwambie huyo msichana ukweli."

"Nitamwambia, baba."

Hakumwambia. Aliona aibu, na aibu ina njia yake ya kujifanya heshima. Alijiambia kwamba anamwondolea Waceke mzigo.

Ukweli ulimfikia Waceke kwa njia nyingine. Jumapili moja babake alimtuma Muindi nyama ya kuchoma Kenyatta Market, naye akapita njia ya nyuma, kichwa chini, ili aikwepe saluni. Lakini Mama Virginia alikuwa ametoka nje kumwaga maji.

"Ni Muindi? Muindi wangu! Umekuja lini?"

"Juzi tu, mama. Shikamoo."

"Woi, mmepishana! Waceke ameondoka wiki iliyopita. Amekungoja mpaka siku ya tiketi, akakubali kupewa mchezaji wa hukohuko." Macho yake yakashuka mguuni. "Na unachechemea nini?"

Kabla hajapata jibu, mama mwenye furaha alikuwa ameshampigia bintiye simu na kumbandika Muindi sikioni. Muindi akasimama pale kati ya moshi wa nyama na wanawake waliosukwa nusu kichwa, akamweleza Waceke kila kitu.

"Nilisikia yule mtu wa sukuma," Waceke akasema. "Nikadhani umejiwekea sauti za nyumbani kwa sababu ya upweke. Nikakuhurumia, nikalia. Goti, Muindi? Goti? Si mimi ndiye nabeba?"

Hapo ndipo jambo lilipomwingia Muindi. Katika densi ile hakuwa na mruko hata mmoja. Miguu yake haikugusa sakafu ila mara chache, na alichotakiwa kuleta ni uzito wake na pumzi yake, vitu ambavyo hakuna daktari aliyemnyang'anya. Alikuwa amekataa kazi pekee duniani ambayo mwili wake uliovunjika ungeiweza. Alisahau kununua nyama. Babake alimtazama akiingia mikono mitupu, akaenda jikoni kukaanga mayai.

*Mzigo* ilizunguka nchi nyingi. Mwaka jana ikafika Nairobi, onyesho la mchana katika ukumbi mmoja katikati ya jiji, na Muindi akakaa safu ya nyuma. Kijana aliyebebwa alikuwa hodari, lakini alipinda shingo upande usiofaa, na Waceke alilazimika kusogea hatua moja zaidi ili amsawazishe. Wengine hawakuona.

Yeye na Waceke walionana nje, kwenye ngazi. Walisalimiana kama watu wa ukoo mmoja waliokutana matangani.

"Umekuwa mkubwa," Muindi akasema.

"Nimechoka tu. Tunaondoka kesho."

"Waceke, tungeweza kutunga kitu tena? Hata kidogo. Ukija likizo."

Alifikiri kweli, akimtazama usoni. "Nilikusamehe zamani, jua hivyo. Lakini nikikubeba leo nitakuwa nikijiuliza, huyu ananificha nini? Siwezi kufanya kazi hivyo."

Muindi akaitika kwa kichwa. Wenzake Waceke walimwita garini, naye akamshika Muindi mkono kidogo, akaenda.

Siku hizi Muindi anafundisha densi katika ukumbi wa kanisa karibu na Ngong Road, na ameanza kutunga kazi yake mwenyewe kwa wachezaji watatu. Wanaoiona husema ni nzuri, ingawa haijaitwa popote. Mzee Mwanzia huja mara nyingine kukaa pembeni na gazeti lake. Wiki iliyopita alimwuliza mwanawe kwa nini hapo katikati wachezaji wanasimama tu, hawafanyi lolote.

"Bado sijajua kinachofuata, baba," Muindi alisema, akainama kuwasha upya muziki.