Sufuria Moja ya Jamhuri

Rafiki yangu, ni harufu ya ngozi mbichi ya mbuzi iliyonirudisha utotoni. Siku ya Jamhuri iliyopita nilifika kwetu Machakos nikaikuta imetandazwa uani, mbuzi ameshachinjwa.

Enzi za nyanya jambo hilo lisingewezekana. Siku ya Jamhuri hakuna aliyegusa mbuzi mpaka jirani yetu Msomali, mfanyabiashara wa mifugo, avuke barabara aje kumchinja yeye mwenyewe, ili naye ale. Sisi watoto tulikuwa tumeteka maji na kumenya viazi tangu asubuhi, njaa inatuuma, tukimnung'unikia kwa kuchelewa. Akishasema bismillahi, nyanya, mama wa kanisa asiyekosa Jumapili, alimwitikia "Amina" kutoka jikoni. Tukila alirudia lile lake: babu aliwekwa kizuizini pamoja na wazee waliotuletea uhuru, wa kanisa, wa msikiti na wa kuomba mvua porini. Walipakuliwa kutoka sufuria moja, wala hakuna aliyemuuliza mwenzake anaomba wapi.

Nyanya alishatutoka. Boma sasa ni la kaka yangu, naye ni mchungaji. Jirani alikuja kama kawaida yake, amezeeka, mkongojo mkono mmoja na kisu kilichofungwa kwa gazeti mkono wa pili. Kaka alimpokea kwa heshima, akamwekea kiti.

"Mzee, leo tumechinja wenyewe," akamwambia. "Hii nchi iko na uhuru wa kuabudu. Siwezi kula nyama imeombewa na dini ingine."

"Ni haki yako, kijana yangu," mzee akajibu, akakiweka kisu chini ya kiti.

Kinachonisumbua hadi leo ni kwamba kaka hakusema uongo. Uhuru huo ndio uliomlaza babu kizuizini, na mimi ningeutetea mbele ya yeyote. Lakini nilipomtazama yule mzee nilishikwa na aibu.

Mke wa kaka, mtu wa roho nzuri, alimpikia mzee kabichi. Mwanangu akaniuliza mbona huyu babu hali nyama na leo ni Jamhuri. Niligeuka nikatazama jikoni kwa nyanya. Mafiga yalikuwa yale yale, ila kando ya sufuria kubwa ilikuwa ikichemka nyingine ndogo, ambayo nyanya hakuwahi kuihitaji.