Moto Mdogo wa Baba

Nyie vijana mnaoendaga Pugu kupiga picha na kuchoma nyama, kaeni chini mnisikilize. Harufu ya nyasi zinazoungua hunitoa nje kuangalia hata leo.

Tulikaa ukingoni mwa msitu, mbele ya Gongo la Mboto. Masika yakiisha tu, nyasi zikiwa bado na ubichi, baba alichoma kipande kidogo kidogo asubuhi. Moto ulitambaa kama kuku anayedonoa; miti mikubwa wala haikushtuka. Kisha akaja bwana misitu wa serikali, akakataza moto wote. "Mzee, nikiona moshi kwako, tunaenda wote kituo cha polisi." Baba akatii. Mwaka baada ya mwaka nyasi zikapanda hadi zikamfunika mtu mzima, na majani makavu yakalaliana chini yake.

Jumapili walikuja watu wa mjini kustarehe. Walipopenda kukaa palikanyagwa hadi pakawa pagumu kama sakafu, hapaoti kitu. Wakiniita kula mishikaki, mama alinivuta mkono.

"Mwachie bwana, mama, tunakula nyama, hatuli watoto!" mmoja wao alisema. Wakacheka.

Kiangazi kimoja wakaondoka, makaa wakayaacha yanapumua. Mie nilikuwa nyuma ya nyumba, nimembeba mdogo wangu Shani mgongoni. Nikasikia mlio kama mvua kubwa juu ya bati, na jua linawaka. Nikageuka. Moto ulikuwa juu ya vilele vya miti.

"We Mwajuma, unaangalia nini? Kimbilia pale pa mishikaki!" mama alinipigia kelele.

Tukalala kifudifudi kwenye ile ardhi tupu, moto ukipita huku na huku. Shani alikohoa, akakohoa, kisha kimya. Nilijua amekufa. Niliogopa hata kumgusa. Mama akamfungua mgongoni kwangu, akampuliza usoni, mara mtoto akapiga ukelele wa kutoboa masikio. Sijasikia tena sauti tamu kama ile.

Nyumba iliteketea. Miti iliyozoea moto wa baba ilikufa imesimama. Utotoni niliuchukia moto wote, nikaisifu ile ardhi tupu iliyotuokoa. Ukubwani ndipo nilipoelewa: moto mdogo ndio uliokuwa ukiula ule mkubwa kabla haujazaliwa. Na ile ardhi nayo ilikuwa imeuawa, kwa miguu tu.

Kwangu nimeshatoa amri, na mgeni pia inamhusu: ukimaliza kuchoma chako, mwaga maji, tia mkono kwenye majivu. Yakiwa na joto, huondoki.