Seva Haioni Diski

Hii stori inanifanya nionekane boya, najua. Naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa walimu wa ile sekondari, maana wale wanaongeza chumvi.

Mkuu wa shule, kule upande wa Sekenke, aliniita kutoka Mwankoko ninakotengeneza kompyuta. "Kijana, Jumatatu kidato cha nne wanaanza mazoezi ya mtihani wa kompyuta. Seva inayoendesha mashine zote ikigoma, wataingia kwenye mtihani hawajawahi kushika hata kibodi."

"Mkuu, leo Ijumaa, jioni naondoka." Mdomo wangu huu!

Seva yenyewe kuukuu, ya msaada, inanguruma kama mashine ya kukamua alizeti. Kuwaka tu dakika kumi. Nikachomeka flashi yenye mfumo mpya. Ikaniandikia haioni diski ya kuuhifadhia. Nikabadilisha flashi. Haioni. Nikashusha mfumo wa zamani kwa bando langu, labda bibi kizee hataki mambo ya kisasa. Haioni! Nikagusa mipangilio, nikabadili waya, nikaitukana. Jumamosi mchana nikaipiga teke. Mguu ukavimba, yenyewe inanguruma tu.

Mama wa stoo kila saa anachungulia. "Mwanangu, huhitaji kitu stoo?"

"Shikamoo mama. Sihitaji, niache nifanye kazi."

Mimi nimeishia la saba. Fundi wa la saba akianza kuuliza-uliza, watasema hajui.

Kwa hasira nikavuta kidroo cha mbele, kile kinachobeba diski. Kitupu. Cha pili, kitupu. Vyote vinne!

Nikaingia chumba cha walimu nimefura. "Mama, diski umeiba wewe! Nani mwingine ana funguo za chumba cha seva?"

Walimu wakamgeukia mama wa stoo. Akatoka, akarudi na boksi la chaki na daftari. Diski zote nne ndani, zimefungwa kitenge. Mwalimu wa kompyuta alipohama alizichomoa kwa kuogopa wezi, akamkabidhi mama, wakasaini kwenye daftari hilo.

"Sasa si ungesema?" nikafoka.

"Nimekuuliza mara ngapi?"

Nikazirudisha. Jumapili, watu hawajatoka kanisani, mfumo ukawa umeingia. Jumatatu watoto wakakaa kwenye mashine. Mimi hasira bado, kwa mama na kwangu mwenyewe. Nikamfuata stoo, nikanong'ona, "Mama, nisamehe."

Hakuinua hata kichwa. "Wizi ulinitangazia mbele ya walimu, samahani unaniletea mafichoni? Nenda kulekule, wakiwa wamekaa wote."