Trekta la Baba na Mashine ya Meno

Trekta la marehemu lilikuwa limelala bandani miaka mitatu, na siku watoto wake wawili walipoamua kulifufua, kazi ya kwanza ilikuwa kulipiga. Pistoni zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Chuma alimimina mafuta ndani ya silinda, akasubiri siku nne, kisha akasimamisha kipande cha gogo juu ya pistoni na kushuka nacho kwa nyundo ya kilo saba. Kila pigo lilikwenda na tusi lake. Fundi mwenye adabu hatukani mashine, lakini trekta lile lilikuwa halistahili adabu ya mtu.

Chuma ni jina la kazini. Ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mchomeleaji wa mageti na matela, mikono imejaa alama za cheche na ulimi haujawahi kumwogopa mteja. Anayemfuata kuzaliwa ni mdogo wake wa kiume, anayejiita Nusu. Alijipa jina hilo mwenyewe kabla watu hawajampa baya zaidi, maana mguu wake wa kulia unaishia chini ya goti. Ulikatwa akiwa na miaka kumi na minne, baada ya trekta hilohilo kupita juu yake.

Nyumba ile ilikuwa na desturi zake. Swichi ya ufunguo ilipokufa, baba hakununua nyingine. Alisimama chini, mbele ya tairi kubwa la nyuma, akagusisha bisibisi kwenye nati mbili za stata, ile mota ya kuwashia, na injini ikanguruma. Breki ya mkono nayo ikafa, akaamuru kwamba kwenye mteremko trekta liachwe ndani ya gia, na aliyeliacha hivyo afunge kitambaa chekundu kwenye usukani. Hakuna kitambaa, hakuna gia. Kwa uchoyo wa mzee yule, kitambaa kilikuwa ndicho breki, na watoto walikua wakiona ni akili.

Jioni ya mkesha wa ajali, Nusu aliliegesha uwanjani, pahali tambarare, gia huru. Baba alipotoka kidogo, Chuma akaliwasha kwa bisibisi, akapanda. Alikuwa na miaka kumi na saba, na baba alikuwa ameapa kwamba kiti kile hakitakaliwa na msichana. Alizunguka uwanja mara mbili akicheka peke yake. Kisha akasikia sauti ya baba njiani, akalizima hapohapo ndani ya gia, akaruka, akakimbilia jikoni. Kitambaa hakukifunga.

Asubuhi Nusu akatumwa awashe. Aliangalia usukani, hakuona kitu, akagusisha bisibisi. Trekta likaruka mbele, likamlaza, likapanda mguu wake na kwenda kuzimikia kwenye ukuta wa choo. Baba alifika mbio, akamchapa kwanza, akambeba baadaye.

"Niliacha gia huru, baba, naapa!"

"Mwongo!"

Alimchapa kwa mkanda wa feni, na kila "naapa" ilimletea pigo jingine. Chuma alisimama mlango wa jikoni na kufumba mdomo. Aliufumba siku ile, aliufumba hospitalini, na miaka ishirini na minne ikapita. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye alikuwa akiumwa kila siku aliposikia mguu ule wa bandia ukigonga sakafu. Hakuwa na ndugu mwingine. Akisema, angempoteza.

Baba alipozikwa, walibaki na ekari nane za nyasi na wafugaji wanaotafuta majani makavu. Pistoni zilipoachia, kulikuwa bado na kiota cha panya kwenye chujio la hewa na matope kwenye tangi. Hayo waliyamaliza kwa wiki tatu, wakaenda uwanja wa vyuma chakavu kutafuta mashine ya kukatia nyasi.

Zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na visu vya kuzunguka chini ya bati zito. Nusu akaipenda papo hapo.

"Hii inachana mpaka kisiki, dada. Tazama visu hivi!"

"Inachana, ndiyo. Mimi nataka majani ya kufunga mizigo, sitaki unga. Na inarusha mawe. Halafu trekta letu ni kikongwe, litapumulia wapi?"

Ya pili ilikuwa ya meno, mwamba mrefu wa chuma unaolala kando ya trekta, na ndani yake kisu kinachokwenda na kurudi. Inakata shina mara moja, na majani yanalala mazima. Haihitaji nguvu nyingi.

Muuzaji, mtu mwenye tumbo na maneno, akaona mahali pa kuchekesha.

"Chukueni ya meno. Ila mwangalie bwana huyu, isije ikamla na ule uliobaki!"

Nusu alimpiga kichwa cha pua. Damu ikamwagika hadi kwenye shati, na Nusu alikuwa amekwisha kumkaba koo na kumlaza juu ya radieta kuukuu, akimwambia acheke tena. Chuma alimvuta kwa ukosi mpaka vifungo vikakatika. Muuzaji, matambara yamejaa puani, aliwapakilia mashine ya meno upesi kuliko alivyowahi kumhudumia mteja yeyote.

Nyumbani waliifunga nyuma ya trekta. Kilichobaki kilikuwa breki na swichi. Chuma alikuwa ametengeneza breki kwa siku tano, akaifungua, akaitengeneza upya. Swichi aliyoagiza, isiyoruhusu injini kuwaka kama gia imeingia, ilikuwa bado haijafika.

"Nyasi zinakomaa, wewe unabembeleza breki," Nusu akasema. Akachukua bisibisi. "Nimeshaangalia gia. Iko huru. Safari hii nimeangalia mara tatu."

Akasimama mbele ya tairi kubwa, akainama.

Chuma hakufikiri. Alikuwa na bomba la chuma mkononi, akampiga nalo kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ukalia. Bisibisi ikaruka, na Nusu akaanguka chini akipiga kelele, mkono ameukumbatia kifuani.

"Una wazimu? Nimekwambia iko huru!"

"Hata siku ile ulisema iko huru!"

"Siku ile nilikosea!"

"Hukukosea! Ni mimi! Nililiendesha jioni, nikaliacha kwenye gia!"

Nusu akainuka kwa mkono mmoja na kumrukia. Alimpiga ngumi mdomoni, jino likatoka. Akampiga tena, wakaanguka wote kwenye vumbi la mafuta, na mguu wa bandia ukachomoka. Alimpiga kwa kiwiko, kwa kichwa, kwa chochote kilichokuwa bado kizima. Chuma, anayeweza kubeba geti peke yake, hakurudisha hata pigo moja. Mapigo yalipungua yenyewe, na Nusu akabaki amekaa juu ya udongo akihema, makamasi na machozi yamechanganyika.

"Mguu, basi," alisema hatimaye. "Ulikuwa mtoto, uliogopa. Hata mimi ningeogopa. Mguu nimeuzoea."

Chuma akatema damu. Hakuthubutu kumgusa.

"Lakini alinichapa nikasema naapa, akanichapa nikasema naapa, mpaka mwenyewe nikaamini nimesema uongo. Dada, mimi nimeishi nikijua ni mwongo. Wiki ile baba anakata roho, nilipiga magoti kitandani kwake, na mguu huu wa bandia, nikamwomba radhi. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ulikuwa upande wa pili. Umemshika mkono. Akakataa kunitazama. Wewe ukamwambia nini?"

Chuma alijaribu kuinuka, akashindwa.

"Sema, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, 'Baba, msamehe.'"